"Maji" linaanza kwa sauti gani? Maswali yenu kuhusu sauti za konsonanti chekechea

Tulipowauliza mnakwama wapi mnapowafundisha watoto wa miaka mitatu hadi sita sauti za mwanzo za maneno, barua zilikuja za walimu na za wazazi karibu sawa kwa sawa. Zilizofanana tumeziunganisha. Kabla ya majibu, tuseme jambo moja lililojitokeza katika nyingi: mtoto anayedhaniwa hasikii sauti mara nyingi ameulizwa kwa neno baya, na kosa liko kwenye kadi au chati aliyowekewa mbele.

Nikiuliza "maji" linaanza kwa sauti gani, watoto wangu wa miaka minne wote wanajibu "ma". Nikisema "mmm" wananiigiza, lakini neno likibadilika wanarudi kwenye silabi. Nifanyeje? (Mwalimu wa chekechea)

Jibu lao si baya, mwalimu. Kiswahili kinakwenda kwa silabi, na silabi zake nyingi ni konsonanti moja na irabu moja: ma-ji, me-za, ki-ti. Mtoto anayekata "ma" kutoka kwenye "maji" amekwishajua kwamba neno lina vipande. Kilichobaki ni kuipasua silabi yenyewe, na hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa katika mazungumzo konsonanti na irabu yake hutoka kwa pamoja.

Ila kuna maneno ambayo m husimama peke yake, bila irabu: mti, mtu, mkono, mguu, mlango. Anza na hayo. Pigeni makofi kwa silabi: m-ti, makofi mawili, m-to-to, matatu. Kofi la kwanza lina m tupu, na mtoto anaisikia ikiwa safi, midomo imefungwa. Wengi huyaruka maneno haya wakidhani ni magumu kwa sababu konsonanti mbili zimefuatana kwenye maandishi. Kwa sikio ni rahisi kuliko "maji".

Wakishaizoea m hiyo, leta maneno matano yenye irabu tano tofauti: maji, meza, miwani, moto, muziki. Ivute m kwa kama sekunde mbili kabla ya kuachia neno: mmmmaji, mmmmeza, mmmmiwani. Wape kioo kidogo, kimoja kwa watoto wawili. Usiulize "ni sauti gani?" Uliza "Midomo inafanya nini kabla neno halijatoka?" Watajibu kwamba inafungwa, na kwamba inafungwa kwenye maneno yote matano. Sasa wabane pua huku wakisema mmm. Sauti inakatika papo hapo, kwa sababu hewa ya m hupitia puani. Watacheka, na hawatasahau.

Hatua ya kuondoa sauti ("sema *ma*, sasa sema bila m") iache kwa watoto wa miaka mitano na kuendelea. Wa miaka minne wachache tu wataiweza, na kuisukuma mapema kunawafanya wabahatishe.

Mbinu ya kuvuta inafaa kwa nazali na vikwamizo, yaani m, n, s, z, f, v, sh, na pia kwa l. Haifai kwa vipasuo p, t, k, b, d, g, kwa sababu hizo hulipuka mara moja na kwisha. Vipasuo virudie badala ya kuvivuta: k-k-k-kiti. Na hapa jisikilize mwenyewe. P, t na k zitamke kama mnong'ono, pumzi tupu bila sauti ya koo. Ukisema "ka" ukidai ni k, na "ta" ukidai ni t, mtoto atakapofika kwenye kusoma ataliunganisha neno "kiti" kama ulivyomfundisha: ka-i-ta-i. Tabia hiyo ni ngumu kuiondoa baadaye. Kwa b, d na g huwezi kuepuka sauti ya koo kabisa. Ikate tu iwe fupi kadiri uwezavyo.

Mwanangu ametimiza miaka mitano. Nianze na konsonanti gani? Wengine wananiambia nifuate alfabeti. (Mama wa mtoto mmoja)

Mama, alfabeti ni ya kutafutia maneno kwenye kamusi. Kwa kufundishia sauti inakuponza tangu mwanzo, kwa kuwa inakupa b, ch na d mfululizo: kipasuo kisichovutika, sauti moja yenye herufi mbili, kisha herufi ambayo ni kioo cha ile ya kwanza.

Anza na irabu tano, a, e, i, o, u. Kisha chukua m, k, t, l na s kwa mpangilio huo. M ni rahisi kuonekana midomoni, k na m zinajirudia mno katika Kiswahili kwa sababu ya viambishi vya ki-, ku- na m-, na sauti hizi tano hazifanani kwa sikio wala kwa macho. Faida kubwa ni kwamba mtoto anapata maneno halisi mapema: mama, kaka, lala, kata, kuku, tatu, mti, kiti, kalamu, moto, meli, mtoto. S ikiingia, yanaongezeka saa, sita, simu, soma, sikia.

Baada ya hapo mpangilio si amri, mradi zinazofanana zitengane. B na d, m na n, p na b, f na v, s na z, l na r: kati ya moja na mwenzake pitisha wiki mbili au tatu. Ya kwanza iwe imekaa kabisa ndipo ya pili ije.

Sauti mbili kwa wiki zinatosha. Konsonanti za herufi moja ziko 18, na za herufi mbili (ch, dh, gh, kh, ng', ny, sh, th) ziko 8. Ch, sh na ny zinaweza kuja mapema kidogo kwa sababu maneno yake ni ya kila siku. Kh na gh zisikukoseshe usingizi katika umri huu. Kila sauti ya herufi mbili iandike kwenye kadi moja, herufi zikiwa zimebanana. Ukiweka c na h kwenye kadi mbili, mtoto atakuuliza c peke yake inasemaje, na Kiswahili hakina jibu.

Majina ya herufi, be na de na wenzake, yasubiri. Mtoto aliyeanza na majina husoma "bata" kama be-a-te-a.

Nimenunua kadi za picha na chati ya ukutani, lakini watoto wanajibu ovyo. Picha ya mpira iko kwenye B, na wao wanasema m. (Mwalimu wa shule ya awali)

Wao ndio wako sahihi. Chati hiyo imechorwa kwa lugha nyingine, na mtoto anayefikiri kwa Kiswahili akiona mpira anasikia m. Iondoe ukutani, hata kama rangi zake zinapendeza.

Hata zilizotengenezwa kwa Kiswahili zina mitego. Kabla ya kuingia darasani, pitia kadi moja moja, tamka neno kwa sauti, na uzitoe zifuatazo.

Kwanza, kadi za mb, nd, ng, nj, nz na mv. Mbuzi, ndege, ngoma, njia, nzi na mvua ni vitu vinavyopendwa na wachoraji, na karibu kila seti ina ndege kwenye N. Lakini katika "ndege" n na d zimeshikamana, hazitoki mojamoja. Mtoto mmoja atasema n, mwingine d, mwingine nd, na wote wana sababu. Ongeza kwamba "mbuzi" na "mbwa" zimeandikwa sawa mwanzoni lakini hazitamkwi sawa: mbu-zi, ila m-bwa. Walimu wenyewe hubishana hapa, sembuse mtoto wa miaka minne. Kwa N tumia nanga, namba, noti, nane, nusu. Nne na nchi pia ni nzuri, maana n yake inasimama peke yake kama ile m ya mti.

Pili, nyoka na nyumba zisikae chini ya N, wala shati chini ya S, wala ng'ombe popote pengine isipokuwa kwenye kadi ya ng'. Kwa maandishi zinaanzia herufi hiyo. Kwa sikio ni sauti nyingine kabisa.

Tatu, wingi. Huu ndio mtego usioonekana. Picha yenye kikombe kimoja ni k. Yenye vikombe viwili ni v. Kiti na viti, kisu na visu, kitabu na vitabu, ni vivyo hivyo. Viungo vya mwili ni vibaya zaidi kwa sababu vinakuja viwiliviwili au vingi: ukionyesha uso ukitaka "jicho", mtoto anaona macho, ukitaka "jino", anaona meno. Ulitaka j, umepata m mara mbili, na hakuna aliyekosea. Kila kadi iwe na kitu kimoja, na kwa j tafuta jiko, jani moja, jiwe moja.

Nne, vitendo. Mtoto akiona picha ya mtu anayeruka husema "anaruka", yaani a. Na ukimwambia ataje kitendo kwa jina lake atasema "kuruka", k. Vitendo havifai kwa kadi. Vitumie kama amri katika mchezo wa kusimama: "Nikitaja kitendo kinachoanza kwa sss, fanyeni. Kisipoanza kwa sss, gandeni." Kisha taja simama, sukuma, sugua, ukichanganya na ruka, lala, piga.

Tano, picha zenye majina mawili. Kuku anaweza kuwa jogoo, gari linaweza kuwa basi. Siku ya kwanza ya seti mpya isiwe na maswali ya sauti; mtaje tu majina pamoja mpaka kila kadi iwe na jina moja linalokubaliwa na wote.

Ukishachuja, utabaki na kadi chache. Zinatosha. Kwa mchezo wa kupanga unahitaji nane tu: nne za m na nne za s, zimechanganywa kifudifudi. Weka masanduku mawili, kila moja likiwa na kitu halisi mbele yake, kama miwani na sabuni. Mtoto anafunua kadi, anataja jina, analivuta, anataja na cha kwenye sanduku: "sssaa, sssabuni", kisha anaitumbukiza. Mhimize ataje yote mawili kila mara; anayenyamaza anapanga kwa kumwangalia mwenzake. Kikundi kiwe cha watoto watano au sita, dakika kumi basi. Wakipanga nane bila kosa kwa siku mbili, badilisha jozi: m na k, kisha s na t, na mwisho kabisa jozi za jirani kama s na sh. Kuanza na jozi za jirani ndiko kunakofanya mchezo huu uonekane haufanyi kazi.

Mkuu wangu anataka watoto waimbe ba, be, bi, bo, bu kila asubuhi. Naona wanaimba vizuri lakini hawasomi. (Mwalimu msaidizi)

Wimbo una faida: unamwonyesha mtoto b ileile ikishikana na irabu zote tano. Kasoro yake ni mpangilio usiobadilika. Mwonyeshe mtoto "bo" peke yake, utaona midomo ikianza ba, be, bi kimyakimya mpaka aifikie. Huyo anakariri safu.

Huna haja ya kugombana na mkuu. Imbeni, kisha tumia dakika tano za ziada hivi: shika kadi moja ya b na kadi tano za irabu. Sogeza irabu karibu na b bila mpangilio: bo, ba, bu, be, bi. Kesho badilisha zoezi, irabu isimame na konsonanti zipite: ma, ta, ka, la, sa. Njia hii ya pili haimo kabisa kwenye wimbo, nayo ndiyo inayofundisha konsonanti, kwa sababu kinachobadilika ni konsonanti tu na sikio halina pengine pa kushika. Tungekuwa na nafasi ya zoezi moja tu kwa siku, tungechukua hili.

Watoto wengi darasani kwangu wana lugha nyingine nyumbani. Wanachanganya f na v, s na z, p na b. (Mwalimu wa chekechea)

Jozi ulizotaja hutamkwa mahali pamoja mdomoni. Kinachozitenga ni koo. V, z na b ni sauti ghuna, nyuzi za sauti hutetemeka. F, s na p si ghuna. Ikiwa lugha ya nyumbani haitumii tofauti hiyo kutenganisha maneno, sikio la mtoto limezoea kuipuuza, na kumrudiria neno kwa sauti ya juu hakumsaidii.

Mfanye aiguse. Kiganja kooni, sema sss kwa muda, kisha zzz: z inatetemeka mkononi. Wasiosikia mkononi wazibe masikio kwa viganja. Z na v zitavuma kichwani, s na f hazitavuma. Kwa p na b tumia utepe wa karatasi laini, upana wa vidole viwili, ukining'inia mbele ya midomo: kwenye "pata" unaruka, kwenye "bata" unatikisika kidogo tu. B ya Kiswahili hata huvuta hewa kidogo kuelekea ndani, isipokuwa ikitanguliwa na m, hivyo usilifanye jaribio hili kwa "mbuzi".

Kisha tumia jozi za maneno halisi: fua na vua, faa na vaa, saa na zaa, pana na bana, pata na bata, tamu na damu. Zoezi la kwanza ni la kusikiliza tu. Ziba midomo yako kwa karatasi ili wasisome midomo, sema "fua, vua" au "fua, fua", nao wainue kidole kimoja kwa sawa, viwili kwa tofauti. Watakapopatia mara nyingi ndipo waanze kutamka. Ukianza na kutamka utasahihisha mdomo ambao sikio lake bado halijajua kosa liko wapi.

Binti yangu wa miaka minne anasema "lula" badala ya "rula" na "sati" badala ya "shati". Je, nisimfundishe sauti hizo kwanza? (Baba)

R, sh, th, dh na gh huchelewa kwa watoto wengi, na l badala ya r katika umri huo ni jambo la kawaida. Mpime sikio kwanza. Mwanasesere wako aseme, "Hii ni lula." Nyamaza. Akimsahihisha, au akicheka, sikio linajua na ulimi utafuata. Endelea naye kwenye michezo yote ya sauti, na akipanga picha ya rula kwenye sanduku la r hesabu amepatia, hata kama kwa mdomo amesema l.

Usimlazimishe kurudia. Mjibu tu kwa neno lililotamkwa sawa: "Ndiyo, rula. Rula yako ndefu."

Mpeleke kwa mtaalamu wa usikivu au wa matamshi iwapo watu wasiomzoea hawaelewi sehemu kubwa ya anachosema akiwa na miaka minne, kama anauliza "nini?" kila mara, kama anaongeza sauti ya redio, au kama masikio yanamuuma mara kwa mara. Maji yakituama nyuma ya ngoma ya sikio, usikivu hupungua kwa wiki kadhaa, na sauti hafifu kama s na f hupotea za kwanza.

Anaandika b kama d. Ana miaka mitano na nusu. (Mama)

Sauti anazijua? Kama anazijua, hili ni la mkono na macho, na hutokea kwa wengi mpaka kama miaka saba. Zifundishe kwa mwanzo tofauti wa mchoro: b huanza na mstari, juu kwenda chini, ndipo tumbo, d huanza na tumbo, ndipo mkono upande juu na kushuka. Aandike kwa kidole kwenye trei ya mchanga, herufi kubwa kama kiganja chake, akitoa sauti mkono unapoanza kusogea. Moja kwa wiki mbili, nyingine baadaye. Usiziweke kwenye ukurasa mmoja ili "aone tofauti"; hapo ndipo zinapochanganyika.

Nitajuaje kwamba mtoto ameishika sauti, si kwamba ameikariri kadi? (Mwalimu wa shule ya awali)

Tumia maneno ambayo hamkuwahi kuyachezea. Andaa kumi: matano yanayoanza kwa sauti husika, matano yasiyoanza nayo, na kati ya haya matano ya mwisho mawili yawe na sauti hiyo katikati. Kwa s, kwa mfano: sufuria, sindano, soksi, sungura, sahani, kisha kofia, taa, dirisha... hapana, dirisha lina sh, toa. Weka pete, kisu, kasa. Mwite peke yake pembeni, bila picha, umtajie neno, naye aseme ndiyo au hapana. Kwa kuwa anaweza kubahatisha nusu, sisi huhesabu ameishika akipatia manane au zaidi, na tunarudia baada ya wiki moja.

Anayekubali "kisu" na "kasa" anaisikia s ila hajajua mahali pake. Huyo mrudishe kwenye makofi ya silabi: ki-su, s iko kofi la ngapi? Anayekosa sauti moja, rudia hiyo tu. Na ukiona darasa zima linapatia zinazovutika na kukosa p, t na k, jirekodi kwa simu ukizitamka, kisha usikilize kama hukuwa unasema "pa", "ta", "ka".